Mintarafu ya Kuchagua Mahali pa Duka la Silaha na Uwanja wa Shabaha

Mtu atakaye kufungua duka la nguo huuliza kwanza wanunuzi hupita njia gani, na atakaye kufungua hoteli huuliza mabasi husimama wapi. Lakini mtu atakaye kufungua duka la silaha, na pamoja nalo uwanja wa kulengea shabaha, akianza kwa maswali hayo atakuwa ameanzia mwisho wa shauri, kwa sababu biashara hii hupewa ruhusa na dola na huvumiliwa na majirani kabla haijapata senti moja ya mnunuzi, na ruhusa hiyo na uvumilivu huo, vyote viwili, hutegemea mahali. Bidhaa yaweza kubadilishwa, bei yaweza kupunguzwa, na mtumishi mzembe aweza kuachishwa kazi. Lakini kilima kisichokuwapo nyuma ya shabaha hakinunuliki, na jirani aliyekwisha kuamshwa na milio ya bunduki alfajiri ya Jumapili harudishwi katika urafiki kwa zawadi.

Nasaha hizi nawaandikia watu wa Kaunti ya Kajiado, na hasa wale wa Loitokitok ambao wana ardhi chini ya mlima Kilimanjaro, wana jamaa waliohamia Kitengela, wana mtaji wa halali uliotokana na ng'ombe au nyanya au ploti, na wanaona kwamba wenye leseni za silaha wapo lakini mahali pao pa kufanyia mazoezi ni pachache. Swali lao ni moja: pafaa wapi, nyumbani Loitokitok, mjini Kajiado, au Kitengela karibu na Nairobi? Rai yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kwa hoja zitakazofuata. Duka na uwanja si lazima vikae pamoja. Mahali pa duka ni Kitengela, mahali pa uwanja ni nchi iliyo baina ya mji wa Kajiado na Il Bissil, ambako tambarare huanza kuvunjwa na vilima, na Loitokitok, pamoja na uzuri wake wote, haifai kwa hili wala kwa lile.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ambayo asili yake ni ya mwaka 1953, haimruhusu mtu kuuza wala kutengeneza silaha kwa njia ya biashara mpaka awe ameandikishwa kuwa mfanyaji biashara wa silaha, na mahali atakapofanyia kazi hiyo pawe pamejulikana na kukubaliwa. Tangu sheria za usalama ziliporekebishwa mwaka 2014, mamlaka haya yamo mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo huandikisha raia wenye silaha na wauzaji wao, husimamia viwanja vyote vya shabaha vilivyoandikishwa, na tena imepewa wajibu wa kupima mara kwa mara ustadi wa wale waliopewa vyeti. Katika maneno hayo machache mchagua mahali hupata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mahali ni sehemu ya ruhusa yenyewe, kiasi kwamba mtu akihama jengo ni kana kwamba ameanza safari upya, na kwa hiyo kupanga chumba kwa mkataba wa mwaka mmoja ni kujenga juu ya mchanga. La pili ni kwamba, maadamu ustadi wa mwenye silaha hupimwa, uwanja una wateja wa kudumu ambao watarudi hata katika mwaka ambao hakuna anayenunua bastola mpya. Kwa hiyo uwanja ndio uti wa mgongo wa biashara, na duka ni tawi lake.

Fauka ya hayo, mwenye biashara hii hana budi kukumbuka kwamba dola yaweza kubadili masharti kwa siku moja. Mwezi wa Disemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wajitokeze kukaguliwa upya, na vyeti vya zamani vikabadilishwa kwa kadi za namna mpya. Mtu aliyeweka fedha zake zote katika jengo lisilofaa kwa kazi nyingine, mbali na mji na mbali na njia, hawezi kungoja misukosuko ya namna hiyo ipite. Chagua, basi, chumba ambacho kikifungwa kama duka la silaha chaweza kupangishwa kuwa ofisi, na shamba ambalo likinyimwa ruhusa ya shabaha laweza kulisha mbuzi.

Sasa tumtazame mnunuzi, maana hapa ndipo ndoto ya Loitokitok huanza kupungua nguvu. Zamani upande ule ulikuwa kweli nchi ya bunduki. Mwaka 1953 mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alipiga kambi yake ya uwindaji karibu na Kimana, na Loitokitok ndio ulikuwa mji wa kwenda kutafuta mahitaji madogo ya kambi. Lakini hata katika zama zile, ambapo simba na vifaru walikuwa mlangoni, maduka ya bunduki yenye jina, kama lile la Shaw and Hunter, yalikuwa Nairobi, kwa sababu mwindaji alinunua silaha pale alipopata leseni, benki na fundi, hakuinunua pale alipomwona mnyama. Kisha mwezi wa Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na sababu kuu iliyomfanya mgeni aje Loitokitok na bunduki begani ikatoweka pamoja nao. Mnunuzi wa leo ni mfanyabiashara, mkandarasi, mwanasiasa, au mwenye shamba kubwa anayehofia roho yake, na kando yake akali ya watu waipendao shabaha kama mchezo. Na watu hao aghalabu hukaa Nairobi na miji iliyoizunguka. Askari wa makampuni ya ulinzi hulinda kwa rungu na filimbi, na polisi wa akiba hupewa bunduki na serikali, kwa hiyo hao wote wawili usiwahesabu.

Kutoka Nairobi mpaka Loitokitok kwa njia ya Emali ni zaidi ya kilomita 200. Barabara ya lami ipo, na safari ni nzuri, lakini hakuna mtu mwenye shughuli atakayekwenda masafa hayo kupiga risasi hamsini na kurudi. Hata hivyo umbali ndio ila ndogo kuliko zote. Ila kubwa ya kwanza ni mpaka. Tarakea ya Tanzania iko hatua chache kutoka Illasit, watu wa pande mbili hizo huoana na kuuziana mahindi na vitunguu, na vichochoro vya kupita bila kuonekana ni vingi. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kuzuia kuenea kwa silaha ndogondogo, na ni katika kaunti hii hii ya Kajiado, huko Ngong, ambako silaha haramu 5,250 zilichomwa moto mwaka 2016, na nyingine 5,144 mwaka 2021. Afisa anayesoma ombi la duka la silaha lililo kando ya mpaka hataacha kujiuliza bastola moja ikipotea itakuwa wapi kabla ya jua kutua, na swali hilo mwombaji hana jibu lake.

Ila ya pili ni wanyama. Katika nchi inayozunguka Amboseli, ambako Cynthia Moss na wenzake wamewachunguza tembo tangu mwaka 1972, mlio wa bunduki una maana moja tu masikioni mwa askari wa wanyama, nao ni ujangili. Kila risasi ya mteja wako itainua simu, itatoa gari, na itawaleta askari mlangoni. Au, na hili ni baya zaidi, watazoea kuipuuza milio, na siku jangili atakapopiga kweli hakuna atakayeinuka. Tena nyoyo za watu wa upande ule bado zina kidonda, kwa kuwa tangu mwaka 2023 hadi mwanzo wa 2024 tembo madume wenye pembe kubwa waliokuwa wakivuka kutoka Amboseli waliuawa na wawindaji wenye vibali upande wa Tanzania, katika eneo la Enduimet, na mabishano yake yakafika mbali. Kufungua uwanja wa bunduki katikati ya maombolezo hayo ni kutafuta uadui na wenye hoteli za watalii, wenye hifadhi za jamii, na vijana ambao ajira yao ni tembo aliye hai.

Ila ya tatu ni maji, nayo nitaieleza zaidi mbele; hapa yatosha kukumbusha kwamba chemchemi zitokazo chini ya Kilimanjaro ndizo zinazomwagilia mashamba ya Kimana na Rombo, na kwamba bomba la Nol-Turesh huyachukua maji ya Loitokitok mpaka Kajiado na Machakos. Anayechafua udongo wa Loitokitok anachafua kikombe cha mtu asiyemjua.

Tukishuka Kitengela hali hugeuka. Mji huu, ambao sensa ya mwaka 2019 iliuhesabu kuwa na watu zaidi ya 150,000, uko takriban kilomita 30 kutoka Nairobi, juu ya barabara iendayo Namanga, na una benki, mawakili, polisi, na wateja wenyewe. Kwa duka, pafaa. Lakini usikubali chumba chochote ulichoonyeshwa na dalali. Kitazame usiku kama ukitazamavyo mchana. Kisiwe ubavuni mwa baa wala mkabala wa shule. Kisiwe ghorofa ya chini yenye ukuta wa nyuma unaotazama uchochoro, kwa sababu mwizi wa silaha haingii kwa mlango, huja na tindo. Wala kisiwe na dari ya mbao inayoungana na dari ya jirani. Chumba bora ni cha ghorofa ya kwanza katika jengo la mawe au zege, chenye ngazi moja inayoonekana, na chumba cha ndani kisicho na dirisha ambacho sakafu yake yaweza kubeba kasha la chuma lililofungwa kwa boliti. Mwulize mwenye nyumba kwa maandishi kama jengo limewekwa rehani, maana siku benki itakapouza jengo, wewe na makasha yako mtakuwa barabarani na idhini yenu ikiwa imekosa anwani. Na kituo cha polisi kiwe karibu, kiasi cha mwendo wa miguu. Askari wanaopita kila siku ni ulinzi usiolipiwa, na vitabu vyako vya mauzo vitakaguliwa bila wewe kufunga duka siku nzima.

Lakini uwanja wa shabaha usiujenge Kitengela, hata ukipewa ekari kumi bure. Risasi ya bastola ya milimita 9 iliyopigwa kwa mwinuko yaweza kuruka karibu kilomita 2, na ile ya bunduki ya masafa marefu hupita kilomita 4. Sasa simama mahali popote pa Kitengela, geuka jiha zote nne, uonyeshe ni wapi penye kilomita 2 zisizo na nyumba. Mashamba yaliyokuwa ya malisho yamekatwa ploti, na mwanya unaouona leo kesho utakuwa na msingi wa nyumba, mwenye nyumba akilalamika kana kwamba wewe ndiwe mgeni. Upande uliobaki wazi ni wa Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo mpaka wake wa kusini haukufungwa kwa ua ili wanyama watoke na kurudi katika mbuga za Kitengela. Na huko vilevile mlio wa bunduki si mgeni anayekaribishwa. Ni kweli kwamba uwanja wa ndani, wenye kuta za zege na mitambo ya kunyonya moshi, waweza kujengwa mjini; lakini gharama yake ni ya mtu aliyekwisha kutajirika, na mitambo ya hewa ikisimama kwa kukatika umeme, wateja huvuta vumbi la madini ya risasi (lead). Uwanja wa Kirigiti huko Kiambu, unaotumiwa na wenye leseni kwa mazoezi na mashindano, uko wazi hewani. Uende, uulize, utazame wanavyoelekeza watu, kabla hujachora ramani yako.

Ndiyo sababu nasema uwanja utafutwe kusini zaidi, kilomita hamsini na kitu kutoka Kitengela kwa njia ya lami, katika nchi ya kuanzia mji wa Kajiado kwenda Il Bissil na vilima vya Maparasha. Mteja wa Nairobi hufika asubuhi na kurudi adhuhuri, na ardhi bado ina upana. Lakini upana peke yake si salama, na shamba sharti likaguliwe kwa miguu.

Kwanza tafuta kilima. Shabaha zisimame chini ya mteremko wa asili ulio mrefu kuliko kosa la mpigaji mbaya kuliko wote, na mbele ya mteremko huo pajengwe tuta la udongo la mita tano au sita ambalo nusu mita yake ya juu haina jiwe hata moja, kwa maana risasi ikigonga jiwe hudunda na kwenda isikotazamiwa. Wengi hushawishika na machimbo ya mawe yaliyoachwa, wakiona kuta zake ndefu. Ukuta wa mwamba mtupu ni hatari mpaka uvikwe udongo. Pili, chunguza udongo wenyewe. Ule mweusi wa tambarare, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwikoni na masika hugeuka utelezi unaomeza gurudumu, haufai kwa tuta. Tuta lililojengwa nao Februari litakuwa limelala chini ifikapo Mei. Tafuta udongo mwekundu au murram uliochekechwa. Tatu, weka mpigaji atazame kaskazini au kusini, maana nchi hii iko karibu na ikweta, na anayelenga mashariki asubuhi au magharibi jioni analenga jua. Nne, angalia pepo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa nyanda hizi hutoka mashariki, basi maboma yaliyo magharibi ya uwanja ndiyo yatakayosikia zaidi, na mlio wa bunduki, ambao mdomoni pa mtutu hupita desibeli 140, husafiri. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimempa jirani njia ya kukushtaki.

Tano, na hapa narudi kwenye maji, fuata mkondo. Risasi nyingi zina kiini cha madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na tuta lililopigwa miaka kumi ni ghala la madini hayo. Shamba lisiwe na korongo lipitalo chini ya tuta kwenda kwenye bwawa la ng'ombe au kisima, na maji ya mvua yazungushwe kwa mtaro kabla hayajafika kwenye tuta; udongo utiwe chokaa ili usiwe na tindikali inayoyeyusha madini, na kila baada ya muda uchekechwe na vyuma vyake viuzwe. Asiyeamini aulize habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu hiyo hiyo, na mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na sheria ya mwaka 1999, usiifanye kama karatasi ya kumpoza afisa. Mwambie mtaalamu achukue sampuli ya maji na udongo kabla ya risasi ya kwanza, ili siku ya madai uwe na ushahidi wa hali uliyoikuta.

Baki la kazi ni la watu. Ardhi ya Kajiado ilikuwa kwa sehemu kubwa ranchi za jumuiya zilizoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968, na nyingi zimegawanywa. Palipogawanywa, ununuzi wa shamba la kilimo hutaka idhini ya Bodi ya Ardhi, na palipobaki pa jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 hutaka kauli ya jamii yenyewe, si ya wazee watatu waliokunywa chai nawe. Kisha kaunti ikubali kubadilisha matumizi ya ardhi, na hapo tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aseme. Usiyangoje mapingamizi, yaendee. Mwombe chifu aite baraza, uende na ramani, na uwaulize wanawake njia za kuteka maji na vijana njia za ng'ombe wakati wa kiangazi, kwa kuwa njia ya kiangazi haionekani masika, na mtoto anayefuata mbuzi saa kumi jioni hasomi kibao cha hatari kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Wakazi wa Archer's Post na Dol Dol wanaujua msiba wa uwanja usiofungwa: wachungaji, na watoto miongoni mwao, waliuawa na kujeruhiwa na mabaki ya silaha za mazoezi ya jeshi la Uingereza, na mwaka 2002 Uingereza ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 200 jumla ya pauni milioni 4.5. Uwanja wako hautakuwa na mizinga, lakini jukumu ni lile lile: ua kamili, lango lenye mtu, bendera nyekundu inayopandishwa kabla ya risasi ya kwanza, na saa zinazojulikana ambazo hazigusi alfajiri, siku za ibada, wala siku za msiba katika maboma ya jirani.

Mwisho, tazama mpangilio wa fedha, maana wengi hawakufilisika kwa kukosa wateja, walifilisika kwa kutanguliza malipo. Usinunue shamba kisha ukaombe ruhusa. Andikiana na mwenye shamba, mbele ya wakili, kwamba utalipa amana ndogo na kwamba mauzo yatakamilika endapo tu idhini ya kaunti, ya mazingira na ya Bodi ya Silaha zitapatikana, na zisipopatikana amana irudi. Fanya vivyo hivyo kwa chumba cha Kitengela. Anza na uwanja mdogo wa bastola wa mita 25, ambao ndio watakaoutaka wengi wa wateja wako, na nafasi ya bunduki ndefu uiache wazi mpaka kilima chako kithibitishwe na mtu mwenye ujuzi. Na wewe wa Loitokitok, ambaye moyo wako ungali nyumbani, shamba lako la chini ya mlima lipande nyanya na vitunguu kama kawaida. Faida yake ndiyo itakayolipa kodi ya Kitengela katika miezi ile mirefu ambayo faili lako litakuwa juu ya meza ya afisa, na wewe huruhusiwi kuuza hata risasi moja.